Yeye Namba, Mimi Maneno

Jumatatu, 3 Machi

Dada amepiga simu. Sauti imekuwa nyembamba, kama inapita chini ya mlango. Macho yamekwisha kabisa, kifua nacho hakimpi nafasi. Anataka niende. Tena niende na gari letu, lile lile tuliloondoka nalo kwetu.

"Mlio wake naujua, mdogo wangu. Siku ile niliusikiliza mpaka ukaisha. Nataka niusikie ukirudi."

Barabara ya kwetu imefunguliwa, ila mabasi bado hayaendi. Mwanangu hawezi kunipeleka — alizaliwa huku ugenini, karatasi zake za kuvuka mpaka bado zinasubiri muhuri. Nilipomwambia nitaendesha mwenyewe alicheka. Kisha akaona sicheki.

Anasema gari lile ni kabati lenye magurudumu. Tumekubaliana hivi: nibadilishe oili, nipande nalo mlimani mpaka kwenye mnara wa simu, nirudi. Likirudi salama, naenda. Likizingua, linauzwa chuma chakavu na mimi natulia nyumbani. Nimempa mkono.

Jumatano, 5 Machi

Duka la vipuri. Ukuta mzima wa oili! Marehemu mume wangu alikuwa akiingia na kutoka kabla sijamaliza kushusha kioo. Mimi nilisimama mpaka mwenye duka akaniletea kiti.

"Mama, hapa si maktaba."

Nikamwambia nimefanya kazi ya kusahihisha vitabu maisha yangu yote, maandishi siyapiti hivi hivi. Akaniachia ukuta wake.

Nilikuwa nikidhani sintetiki maana yake bandia. Kumbe sivyo. Oili ya kawaida hutoka ardhini ikachujwa. Chembe zake kubwa kwa ndogo, kama mchele usiochambuliwa. Sintetiki hutengenezwa kiwandani, chembe zikalingana. Huvumilia joto zaidi, hukawia kuchoka. Halafu kuna ile iliyochanganywa, ambayo lebo huiita nusu — bila kusema nusu ya ngapi. Mbele ya galoni ni majigambo matupu, kama jalada la kitabu. Ukweli uko nyuma, kwa herufi za kupimia macho. Nimesoma migongo yote.

Nimechukua sintetiki kamili, bora kuliko zote dukani. Kwa safari hii gari lisipewe makombo.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi wetu, tunamwita Nati, amebadilisha oili. Ya zamani imetoka nyeusi, nzito, kama wino wa kiwanda chetu cha uchapaji.

Alinung'unika. Sintetiki inakula mpira, ati itamaliza sili zote, zile pete za mpira za injini. Nikamsomea nyuma ya galoni: haidhuru mpira. Nati akajifuta mikono taratibu.

"Lebo haijawahi kulala chini ya gari, mama."

Tukacheka. Akamimina. Injini imewaka kwa mlio mwepesi, msafi. Mwepesi mno. Dada ataujua kweli?

Jumapili, 9 Machi

Tumepanda vizuri! Juu mnarani nilishuka, nikaligusa boneti kama mtu anavyomgusa mtoto kuona kama ana homa.

Wakati wa kushuka, harufu. Kitu kinaungua.

Nyumbani mwanangu alitandika kadibodi chini ya injini. Tukala. Tuliporudi kuitazama, doa lilikuwa limetanda kama sahani. Akaichukua, akaiegemeza ukutani niione.

Jumatatu, 10 Machi

Nati amelala chini ya gari muda mrefu. Ametoka na habari mbili.

Ya kwanza: oili haijatoboa kitu. "Hapo umenishinda, mama. Haijala mpira." Gasketi, ile pedi inayoziba maungio ya injini, ilipasuka siku nyingi. Tope la oili kuukuu ndilo lililokuwa limeziba ufa. Hii mpya imesafisha tope, ufa ukaonekana. Miaka yote tumetembea salama kwa sababu ya uchafu wetu.

Ya pili aliitoa kama swali, kwa aibu kidogo, maana siku ile alimimina bila kutazama. "Ulinunua namba gani?"

Sikumwelewa. Akageuza galoni. 5W-30! Mbele kabisa, kubwa kuliko jina la oili. Gari hili, kumbe, siku zote limetumia 20W-50. Namba ya kwanza, yenye W, ni jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi. Ya pili ni uzito wake injini ikishachemka. Nimeipa injini iliyolegea oili nyepesi kama chai ya mgonjwa, nayo inapenya kila mwanya.

Nimekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi.

Nimesoma kila neno la ukuta ule, na namba hata moja sikuiona. Ndivyo tulivyofanya kazi kiwandani, mume wangu na mimi. Maneno yangu, namba zake. Kurasa zikitoka kwangu zilikwenda mezani kwake: tarehe, majedwali, namba za kurasa. Kuzikagua ningekuwa namkosea adabu. Macho yangu yalizoea kuziruka.

Yuko kaburini tangu mwaka juzi, na bado namwachia kazi.

Jumatano, 12 Machi

Nati ametia 20W-50, ya kawaida. Kuvuja kumepungua, hakujaisha. Gasketi imeagizwa, pengine wiki ijayo, pengine mwezi ujao.

Mchana jirani wa dada amepiga simu. Dada hali chakula tena. Kila gari likipita anauliza: "Ndilo?"

"Mama, tulipeana mkono," mwanangu akasema.

"Tulipeana."

Akatoka. Nikadhani amekwenda kumtafuta mnunuzi wa vyuma. Aliporudi, nikasikia buti la gari likifunguliwa. Galoni nne za oili. Kila moja ameiandika kwa kalamu nene, ubavuni: 20W-50.

"Hizo usiziruke," akasema. Akaingia ndani upesi, hakutaka nimwone uso.

Ijumaa, 14 Machi

Kituo cha mafuta, ng'ambo ya mpaka. Naandika juu ya usukani.

Kila kituo nasimama, nachomoa kijiti cha oili, nakifuta, nakirudisha, nachomoa tena, nasoma. Hakina neno hata moja. Alama mbili tu, juu na chini. Galoni mbili zimekwisha. Njia iliyobaki ni ndefu kuliko niliyokuja.

Mhudumu wa pampu ametazama moshi wangu. "Bibi, unaenda mbali na hiki chombo?"

"Narudi," nikamjibu. Akangoja niseme wapi.

Simu inalia kitini. Jirani wa dada. Asubuhi tulizungumza, akaniahidi hatanisumbua njiani ila pakiwa na jambo.

Imekatika.

Oili iko juu kidogo ya alama ya chini. Itanifikisha kituo kijacho.

Inalia tena. Nawasha injini kwanza. Nitafungua boneti, ndipo nipokee, na kabla hajasema lolote nimwambie apeleke simu sikioni mwa dada, aishike vizuri mlio uingie, asikate —