Jina Lisilovimbisha Faili

Jumatatu, 3 Machi
Diski imejaa tena. Meneja kagoma kununua nyingine. Bana, bana — ndilo neno lake! Mimi, fundi wa kompyuta, nimebana hifadhidata yote ya kiwanda, hata sanduku la malalamiko la kwenye kompyuta. Sasa maneno yakijirudia, kompyuta inayahifadhi mara moja tu. Nafasi imepatikana. Mgongo unauma.

Alhamisi, 6 Machi
Wifi yangu, mshonaji, kalalamika: meneja anafunga mlango wa dharura kwa mnyororo. Mimi ndiye niliyemsukuma aandike. Jina linafichwa, nilimwambia; hata mimi naona maelezo tu. Leo kaja kuuliza tena. Nikamwapia. Akasema akifukuzwa atahamia kwangu na watoto wote wanne! Tukacheka. Yeye kidogo.

Jumanne, 11 Machi
Meneja naye analalamika! Kutwa nzima: anaandika sandukuni jina la mfanyakazi, basi, kisha anafungua ripoti ya nafasi — naiona akaunti yake. Nilidhani kachanganyikiwa. Halafu nikaelewa. Jina geni linavimbisha faili. Jina lililomo tayari halivimbishi kitu. Hahitaji kusoma jina la mlalamikaji — anapima tu! Amemaliza wakataji. Wanaofuata ni washonaji.

Jumatano, 12 Machi
Nimeomba niache kubana. Bila kubana, lazima diski mpya. Diski inataka saini yake. Si nafasi ipo? akaniuliza, uso mkavu. Nimemchoka mtu huyu.
Nikajifungia ofisini, nikaandika malalamiko ya uongo kwa majina ya wafanyakazi, idara kwa idara: washonaji, wapiga pasi, walinzi, hata yeye mwenyewe. Sasa kila jina limo. Apime mpaka achoke!

Ijumaa, 14 Machi
Wifi yupo kwenye cherehani yake. Kanipungia mkono. Nimefurahi mpaka machozi yakanilenga.
Meneja kapima washonaji wote: hakuna aliyevimbisha. Wapiga pasi, vilevile. Walinzi, vilevile. Nikacheka peke yangu. Lazima ameshajua kuna mtu anamchezea.
Jina la mwisho kaliandika sasa hivi. Langu. Idara yangu ina mtu mmoja, na wala sikuikumbuka! Faili limevimba: jina langu tu ndilo halikuwamo.
Viatu vyake kwenye korido — navijua. Wifi katuma ujumbe, anauliza kama tutatoka pamoja.
Anagonga. Kwa adabu kabisa. Chumba hiki hakina mlango mwingine.