Ukaguzi wa Gari la Shangazi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kile kifua kimekuachia, na mazoezi ya bega unayafanya kama daktari alivyokuagiza. Mimi ni mzima wa mwili. Wajukuu zako hawajambo. Mdogo kang'oka jino la mbele na anatuonyesha pengo hata tusipomwomba. Baba yao anakusalimu. Ningekusalimia kwa simu, lakini tangu Alhamisi unaikata kabla haijaita mara mbili, basi nimeshika kalamu. Afadhali pia, maana mdomo wangu wa leo ungenikosesha radhi zako.

Nimekasirika, baba. Nakuambia mapema usije ukahangaika kutafuta maana nyingine.

Nianze na Alhamisi yenyewe, kwa sababu nasikia huko nyumbani inasimuliwa vingine, kwamba nilimwaibisha baba yangu mbele za watu kwa kiburi cha cheti. Shangazi ndiye aliyeniita. Aliniambia amepata gari la abiria wanane la kuwapeleka shule watoto wa mtaani kwake, kazi aliyoitamani tangu alipostaafu kufua mashuka hospitalini. Muuzaji ni yule mnayemwita Asali, kwa jinsi maneno yake yanavyoteleza. Nikamwambia asipokee funguo kabla sijalikagua. Ndiyo kazi inayonilisha: watu hunilipa niwaambie gari ni zima au ni bovu kabla hawajalichukua. Shangazi akacheka, akasema kaka yake, yaani wewe fundi, ameshalisikiliza na halina neno, lakini kwa kuwa mimi ni mwanawe, nije tu tumalize maneno.

Nilipofika kwenye uwanja wa Asali nilikukuta umeshaketi kivulini kwenye kiti cha plastiki, soda mkononi. Shangazi alikuwa amekuja na mito minane aliyoishona mwenyewe, mmoja kwa kila kiti, naye alikuwa anaipanga ndani ya gari ambalo bado si lake. Nilipomwomba aitoe kwanza, ulisema kwa sauti ya kufika barabarani: "Mwacheni mtaalamu atuharibie siku."

Nikafanya kazi. Kipimo cha rangi kilinionyesha puti nene ya kuficha mabonde kwenye nguzo ya mlango wa kulia. Kioo cha mbele na cha nyuma, kwa mwaka uliochapwa pembeni, vilipishana miaka minne. Hilo peke yake si kosa. Kioo huvunjika, kikabadilishwa. Lakini nilipovuta mikanda ya usalama nikasoma lebo zake, ya viti vya mbele na ya nyuma nayo ilipishana miaka minne ile ile. Hapo nikataka kuiona sakafu. Nikaomba nifunue zulia chini ya viti vya mbele.

Ukainuka, baba. Wewe unayelalamikia magoti kila siku uliinuka upesi kuliko Asali mwenyewe, ukaja ukakanyaga zulia. Ukasema inatosha. Nikakuomba kwa heshima usogee. Ndipo ukaniambia, mbele ya shangazi, mbele ya Asali na waosha magari wake, kwamba nilikaa chuoni miaka mitatu nikarudi na tochi tu. Kwamba fundi wa kweli husikiliza gari kama daktari anavyosikiliza kifua. Kwamba mwanamke anayetafuta ubovu kila mahali, hata ndoa yake ataitafutia. Waosha magari walicheka. Asali alicheka kuwashinda wote. Shangazi aliinama akaitazama mito yake.

Nikapiga jeki, nikaweka magogo, nikaingia chini, ambako hakuna zulia wala mguu wa mtu.

Gari lile ni magari mawili. Nusu ya mbele ni ya gari lililogongwa nyuma, nusu ya nyuma ni ya jingine lililogongwa mbele. Yalikatwa katikati, yakachomelewa, yakapakwa lami chini na rangi moja juu. Likigongwa kwa nguvu, au likipiga shimo kwa kasi, linaweza kuachana pale pale kwenye kiungo, mbele kidogo ya safu ya pili ya viti. Safu hiyo shangazi alipanga kuwaketisha watoto wa chekechea, kwa sababu hapo angewaona vizuri kwenye kioo.

Nikatoka, nikamwambia asilipokee. Asali akaapa kwa kila kitu anachokijua. Wewe ukasema nimeona mstari wa rangi nikauita ufa. Shangazi alitutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeulizwa amchague nani katika wanawe, kisha akakusanya mito yake, akaondoka bila funguo. Kesho yake Asali alimrudishia fedha alizokwisha kulipa, baada ya kutajiwa polisi. Watu wanadhani habari imeishia hapo.

Haikuishia hapo. Kule chini nilikwangua lami nikauona mshono wenyewe. Baba, ule ni mkono wako.

Usiniambie mikono hufanana. Kidole gumba chako cha kulia, kilichoungua kabla sijazaliwa, hakikunji, kwa hiyo kila baada ya upana wa vidole viwili unainua mkono na kuanza upya, na kila unapoanza, alama inalalia kushoto. Mwisho wa mshono unaweka nukta tatu, eti usifunguke. Nilijifunza kuchomelea kwenye mabati yako machakavu nikiwa na miaka kumi na miwili, nikaziiga hata nukta, mpaka mwalimu chuoni akaniuliza ni za kazi gani. Alhamisi nilizihesabu kwa kidole: tatu kulia, tatu kushoto. Nilikuwa nimelala chali, kutu inanidondokea machoni, nakusikia juu yangu ukimwambia dada yako wa tumbo moja kwamba gari halina neno.

Ulijua. Hukulisikiliza gari lile hata dakika moja; hukuwa na haja.

Sasa niseme na langu, maana sitaki kukuhukumu huku nami nimejificha. Kwenye ripoti yangu kuna mahali panapouliza kama aliyefanya matengenezo anajulikana. Jioni ile niliandika: hajulikani. Nina miaka tisa katika kazi hii na huo ndio uongo wangu wa kwanza. Shangazi aliisoma mbele yangu, miwani puani, polepole. Akaniuliza ni mtu gani mwenye roho ya namna hiyo, na je, yeye hana watoto? Nikamjibu, "Sijui, shangazi." Nilimtazama usoni nikamjibu hivyo. Ndipo akaanza kukuhurumia wewe. Maskini kaka yangu, alisema, uzee huu, wamemchezea. Asubuhi yake akakuletea dawa ya kifua. Mama ameniambia uliipokea kwa mikono miwili, ukamshukuru, ukamwombea dua.

Tangu niliposikia hivyo, hasira hailali.

Sikuandikii ili uniombe radhi mimi. Nataka orodha. Karakana umeifunga juzi tu, miaka miwili haijatimia, na Asali hauzi gari moja tu. Hayo uliyomuungia yako barabarani, yana watu ndani leo hii, wamefunga mikanda wakidhani wako salama. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa kifo hakitakuwa chako. Kaa chini ukumbuke kila moja: aina, rangi, mwezi, na aliyelichukua kama unamjua. Nitayatafuta mwenyewe.

Halafu nenda kwa shangazi kwa miguu yako, umwambie kwa mdomo wako. Jumatatu saa mbili asubuhi naifungua ripoti ile, nafuta neno "hajulikani", naandika jina lako lote, na nakala inakwenda polisi. Ofisini nitawaambia pia kwamba nilidanganya, wanifanye watakavyo. Ningependa shangazi awe ameshalisikia kutoka kwako. Ukishindwa, atalisoma.

Najua mama atalia. Najua wadogo zangu watasema nimemuuza baba. Waseme. Watoto wanane wangepanda gari lile kila asubuhi, na wewe ungekaa barazani ukiwapungia.

Pokea salamu za wote waliomo humu ndani. Watoto wanakuulizia, na sijawaambia lolote. Mwambie mama nitapita Jumamosi kuchukua orodha. Asihangaike kunipikia. Sitaketi.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza