Bibi Hana Miguu

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la fundi saa
Jumapili, alasiri

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya hivi. Kila jioni nasema nitaandika nikishamlaza mtoto, na kila jioni yeye ndiye anayenikuta mimi nimelala. Magoti yako yanaendeleaje? Na kifua cha baba, kimetulia? Sisi ni wazima, ila uchovu.

Kazi ni ile ile, kukunja mashuka ya hoteli. Mvuke ukijaa mle ndani sioni hata mikono yangu. Mara nyingine nahisi niko uani kwetu, nawe uko upande wa pili wa shuka, unavuta ncha zako. Nikizinduka, ni msimamizi ananikodolea macho.

Sasa nikueleze habari za mjukuu wako, huyo mke mwenzio. Mwalimu wao aliwaambia wachore watu wa ukoo wao. Mimi na baba yake tumechorwa wazima wazima, na viatu vyetu. Wewe, babu yake na kaka seremala mmechorwa vichwa na mabega tu, mnaelea juu ya karatasi kama mawingu. Nikamuuliza miguu iko wapi. Akanijibu bila wasiwasi:

"Bibi hana miguu, Mama. Bibi ni wa kwenye simu."

Nikacheka, kisha nikajifungia bafuni nikalia. Ndiyo maana tukipiga simu ya video anakupungia mkono mara moja, halafu anarudi kwa mwanasesere wake. Anakuona kama katuni.

Baba yake anasema ataelewa akikua. Nimemkatalia. Huku wanamwona mgeni. Akiwa mgeni na kwenu, atakuwa wa nani?

Kwa hiyo, Mama, nguo mpya usitume tena. Anazo.

Nisalimie sana baba. Kaka mwambie apunguze kiburi, naye kachorwa hana miguu. Mungu awakinge na kila baya, anifikishe siku ya kuwashika mikono.

Kitindamimba wako, akupendaye hata akisinzia.

Vya kutuma ni hivi: picha yako umesimama pekupeku, wima, mpaka vidole vya miguu vionekane. Karatasi mliyoikanyaga wewe na baba, kaka akawazungushia nyayo kwa penseli yake. Kandambili zako kuukuu, zile zilizolika kisigino cha kushoto. Na kitambaa chako cha kichwani, lakini usikifue.