Mama Mkwe na Kani za Darasa la Saba

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ni mwalimu wa historia. Naandika hapa nisije nikasahau. Leo mwalimu mkuu kaniita ofisini, kanivutia kiti, kanimiminia chai kwa mkono wake — nikajua nimekwisha. Mwalimu wa sayansi kajifungua wiki tatu kabla ya siku zake. Darasa la saba halina mtu. Mada: kani na mwendo. Na mkaguzi anakuja Jumatano ijayo! Nikasema sijui kitu. Akasema wewe si unafundisha vita, na vita si kusukumana tu? Akacheka. Peke yake.

Jumanne, 4 Machi

Nilikariri kurasa mbili neno kwa neno. Nikawaambia: ukisukuma ukuta, ukuta nao unakusukuma wewe, kwa kani ileile. Shwari. Nageukia ubao — mkono juu. Ni yule msichana wanayemwita Wakili.

"Mwalimu, kama ukuta unanisukuma, mbona siendi popote?"

Wanafunzi arobaini na wawili, macho kwangu. Nikasema swali zuri sana, tutalijibu. Akaniuliza lini. Nikasema Ijumaa. Akaandika tarehe kwenye daftari. Tarehe!

Jumatano, 5 Machi

Nimesingizia koo. Nimewaambia wachore gari. Wakili kachora gari limegonga ukuta.

Alhamisi, 6 Machi

Nilikuwa jikoni, nasukuma ukuta. Nasukuma, nafikiri. Mama mkwe akaingia.

"Unaubomoa au unaujenga?"

Ana miezi minane kwetu sasa. Mazungumzo yetu yote ni chumvi na komeo la bafuni. Chumvi imezidi, komeo halijarudishwa. Lakini leo sikuwa na pa kukimbilia, nikamweleza. Akanisikiliza. Akavua ndala, akavaa soksi za mwanawe zilizokuwa kwenye kamba, akasimama kwenye sakafu iliyong'arishwa kwa nta, akausukuma ukuta kwa nguvu zake zote. Akateleza kinyumenyume mpaka kwenye friji!

"Umeona? Siku zote ukuta unakusukuma. Miguu tu ndiyo inabisha."

Miaka thelathini alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Hilo nilikuwa nalijua. Sijawahi kumuuliza hata swali moja juu yake.

Mume wangu alipoingia alitukuta wote wawili ndani ya soksi zake, kila mtu na ukuta wake. Akarudi alikotoka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemjibu Wakili, kwa soksi. Wanne wameanguka, wote wamefurahi. Wakili akasema ameridhika. Kwa sasa.

Jumapili, 9 Machi

Mama kanifundisha asubuhi nzima huku tunachambua mchele. Mgonjwa mzito, kukianzisha kitanda chake ni kazi. Kukisimamisha ni kazi zaidi. "Kitanda hakijui kwamba umefika." Nimeliandika hilo. Kitabu kimetumia ukurasa mzima kwa jambo hilo na bado sikuelewa.

Nikamwomba aje shuleni Jumatano. Akasema yeye hakusoma, asije akaniaibisha mbele ya wakubwa. Akachambua, akachambua. Kisha akauliza ni saa ngapi.

Jumatano, 12 Machi



Mkaguzi ni mtu wa mwili, na faili lake nalo ni la mwili. Kakaa nyuma. Mama kaingia na kitanda cha magurudumu tulichoazima chumba cha huduma ya kwanza. Watoto: "Shikamoo Bibi!" Akaitikia, akasema anahitaji mgonjwa. Wakajitokeza kumi. Akawaangalia, akatikisa kichwa.

"Nataka mzito."

Darasa zima likageuka nyuma.

Nilidhani nitazimia. Lakini mkaguzi akainuka! Akalala kitandani, faili kifuani. Wawili wakasukuma: wapi! Wanne: kikalalamika tu. Sita — kikaenda. Kikaenda vizuri. Kikaenda vizuri mno. Mlango ulikuwa wazi, na ukumbi wetu wa nje una mteremko ambao kwa miaka kumi na moja sikuwahi kuuona.

Mkaguzi akaketi wima, kashika vyuma. Mama nyuma yake mbio, kanga mkononi, anapiga kelele wapishwe njia. Wakili anapiga kelele zaidi: "Mwalimu, hakuna kani ya kumsimamisha!"

Ikawepo. Ua wa miti mbele ya ofisi. Kitanda kikasimama, mkaguzi akabaki juu yake. Faili halikusimama. Liliruka ua, karatasi zikatapakaa bustanini.

Mama akamkagua mkaguzi kichwa, mkono, mguu. Mzima. Kisha akawageukia watoto, anahema.

"Haya. Nani ananiambia kwa nini faili limeendelea?"

Mikono arobaini na miwili. Na mkaguzi, majani kichwani, naye kanyanyua wake nusu.

Alhamisi, 13 Machi

Ujumbe wa mwalimu mkuu: kesho saa mbili asubuhi, ofisini, mkaguzi atakuwepo. Uje na yule mama.

Mume wangu anasema nianze kuzoea wazo la uhamisho. Nikaenda chumbani kwa Mama kumwambia asijisumbue, kosa ni langu, nitalibeba mwenyewe. Nimemkuta anapiga pasi sare yake ya kazi, ya bluu, aliyoiweka sandukuni tangu astaafu.

"Mama, huenda tunakwenda kufukuzwa."

"Tunakwenda," akasema. Akaigeuza sare, akaanza mkono wa pili. Kisha akauliza mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu una upana gani — kitanda kinapita?