Baba Muhanna na Kanzu Isiyojua Sabuni

Mwaka umeshatimia, Baba, tangu Alhamisi ile ulipoitundika kanzu yako msumarini, ukasema unajinyoosha kidogo kabla ya Laasiri, na hukuamka tena. Kambi ilikuwa kesho yake. Mkoba wa ngozi ulishaufunga, papa mkavu ulishamkunja ndani ya jamvi, na rafiki yako Cornelius alishapiga simu kutoka gereji yake ya Wadi Kabir kuuliza aje na gari saa ngapi. Alikuja kweli, lakini alikuja kubeba jeneza.

Tangu siku hiyo habari zinatujaa mpaka kooni, na kila mtu akipata lake anageuka kukutafuta. Rawya, huyu binti yako anayekuandikia, kamaliza chuo. Aws kapata kazi bandarini na kakonda, anasema ni kazi, sisi tunasema ni wewe. Barabara ya Quriyat wanaichonga milimani, na ile safari iliyokuwa ikiwatapisha wageni wako itakuwa kama kwenda dukani. Ungeikasirikia msimu mzima. Na kimbunga, Baba. Kimbunga hukukiona. Tutakifikia.

Jamaa wa ofisini walikujua kama Muhanna wa maji, yule ambaye bomba la mjane likikauka haandiki barua, anakwenda mwenyewe na spana mfukoni mwa dishdasha. Ijumaa ukitoka msikitini hapa Hail chakula kilikuwa kikipoa kila mara, maana kila mlango una neno na wewe, na wewe huna mlango unaoupita kimya.

Sisi wa nyumbani tulikujua kwa lile jambo lako jengine. Ulizaliwa Wete, ukaja Maskati kijana na sanduku moja na Kiarabu cha kuchekesha watu. Lakini kila baridi ikiingia ulikuwa mtu wa Qalhat. Mnakwenda wewe na wenzio kupiga mahema kwenye bonde moja kupita Quriyat, na kwa siku chache mnaishi kama walivyoishi watu wa bandari ile zama za kale, karne ya saba ya Hijria, kabla ya Mreno, kabla ya bunduki, kabla ya chai. Chai ndiyo iliyowatoa wengi machozi.

Ulitusimulia kwamba jambo hilo lilikuanza Uingereza, ulipopelekwa masomoni. Uliwaona Wazungu uwanjani wamevaa vyuma, wanapigana vita vya babu zao, ukafurahi kama mtoto, mpaka mmoja akapandisha mkono wa shati la chuma akatazama saa. Hasira hiyo ulirudi nayo nyumbani. Kama mtu anajifanya, ulisema, basi ajifanye mpaka kwenye kucha. Kambini kwako haikuingia saa, haikuingia zipu, haukuingia uzi wa nailoni. Miwani yako mwenyewe uliivua ukaiacha garini, ukawa unasalimia mbuzi ukidhani ni Cornelius.

Waliokucheka walikuwepo. Jirani yetu Nasr, ambaye wazee wake hawakuwahi kutoka Oman, alikuwa hakuachi: nyinyi mmekuja juzi kwa ndege, leo mnatufundisha babu zetu walivaa nini? Ukamjibu kwa upole wako kwamba ndiyo sababu unajitahidi, aliyekaa kwao hana haja ya kujitahidi. Mwaka mmoja akaja kambini kucheka, akaondoka na mkanda wa ngozi ulioushona kwa ajili yake, na mkanda huo hajauvua mpaka leo. Na yule aliyesema Kiswahili kiachwe garini pamoja na miwani, kwa kuwa si lugha ya Qalhat, ulimwambia bandari ya kweli haikosi mtu wa pwani yetu, ila iwe bandari ya uwongo.

Halafu ile kanzu. Pamba ya kusokotwa kwa mkono, rangi ya vumbi, haina kifungo. Uliishona mwenyewe kwa sindano ya mfupa mpaka vidole vikavimba. Sabuni haikuijua hata siku moja. Ikifikichwa kwa majani ya mkunazi mara moja kwa msimu, basi, kisha inarudi motoni na inarudi mgongoni. Ilikuwa na moshi wa kuni za samri, na samli, na papa, na ngozi ya mbuzi, na jasho lako la miaka kumi na kitu.

"Nguo ya kweli ina harufu ya mtu," ulikuwa ukitwambia. "Ya duka ina harufu ya duka."

Mama alikuwa hataki iingie chumbani. Alikupigilia msumari nje, ukutani karibu na tangi la maji, na ukirudi kambini unaivulia hapo hapo kama mtu aliyetoka kuvua. "Bwana Muhanna," akikwambia, "wenzio wanazeeka wakenda mbele, wewe unazeeka ukirudi nyuma." Nawe ukimjibu kwamba ukifika huko nyuma utamposa tena, na safari hii hatokuringia. Akijifunika mtandio ili usimwone anacheka.

Ulipoondoka uliogeshwa kwa maji ya mkunazi. Aws alitoka chumbani akasema sanda yako haina mshono hata mmoja. "Ingempendeza," Mama akasema. Hilo tu. Kisha akatoka nje, akaichukua kanzu pale msumarini, akaingia nayo chumbani kukaa eda. Ile iliyokuwa ikinuka ikawa sasa inanukia. Tulikuwa tukipita mlangoni tunamwona amejifunika nayo uso, anavuta pumzi kidogo kidogo, kama mtu anayekula akiba akiogopa isimwishe.

Sasa kimbunga. Kilikuja mwezi wa sita, wamekipa jina Gonu, Mama bado yumo edani. Bahari iliingia Hail bila ya hodi. Tulipanda juu ya paa na mvua inatupiga ubavuni, na Mama hakuchukua dhahabu, hakuchukua pasipoti. Picha zako zote zililowa chini zikawa karatasi za buluu. Yeye alipanda na kanzu ndani ya mfuko wa plastiki, tumboni, chini ya baibui. Rawya akajaribu kumchekesha, akamwambia mfuko wa plastiki ungekataliwa mlangoni kambini. Mama akasema, "Atanisamehe."

Kanzu ilishuka paani kavu kabisa, Baba. Haikuguswa na tone. Nyumba ndiyo iliyokuwa tope mpaka kwenye swichi za taa. Dada yako, Shangazi Mahfoudha, akaja na ndoo kusafisha nyumba ya kaka yake, asubuhi mpaka magharibi, hakutaka hata maji ya kunywa. Mama alikuwa ameitoa kanzu ipate hewa, kaitundika kambani pamoja na mapazia na mashuka ya mafuriko. Shangazi akaona nguo chakavu yenye harufu, akadhani imeoza kwa maji ya bahari. Umeme hakuna, mashine haifanyi kazi, basi akaifua kwa mkono. Akaifua kwa sabuni ya unga, akairudia kwa Dettol, akaitia na buluu, yote hayo kwa mapenzi.

Ilitoka nyeupe kama shuka la hospitali. Mama aliipokea, akaiweka usoni, akakaa nayo hivyo.

"Mahfoudha," akasema, "umemfua."

Toka hapo hawakusemezana. Shangazi alikuwa akija mpaka mlangoni, anaacha sufuria ya chakula, anarudi. Chakula chenyewe Mama hakili. Eda ilikwisha, watu wakaja na udi na marashi kumtoa, na alichofanya yeye ni kukichukua kile kichanja cha kufukizia nguo, akakipeleka uani, akatia kuni za samri chini yake na kanzu yako juu.

Baba, joto la mwezi wa saba unalijua. Ndege wanahema. Na Mama yuko uani amekaa mbele ya moto, anapuliza, macho mekundu. Anapaka samli, anafunga kanzu pamoja na papa ndani ya jamvi, anafungua, ananusa, anaanza upya. Kila jioni anatuita. Tunainusa mmoja mmoja. "Ni yeye?" anauliza. Nasi tunamwambia bado, Mama. Bado. Tulifika kuliogopa neno hilo kuliko jengine lolote. Siku moja jirani mgeni aliona moshi akaita zimamoto, wakaja na king'ora, wakaruka ukuta na mpira wa maji mkononi, wakamkuta mwanamke mmoja na kanzu. Akawaambia kwa Kiarabu kwamba anafukiza nguo ya mumewe. Mkubwa wao alivua kofia, akakuombea rehema, akawarudisha watu wake garini polepole. Ingekuwa kichekesho cha mwaka kama ungekuwepo wa kukicheka.

Alikonda mpaka pete yako ikawa inaanguka kwenye sinia. Daktari kasema ale. Cornelius kaja na uji wa wimbi alioupika mkewe, Peninah, kakaa uani kutwa anambembeleza, "Mama, kunywa kidogo tu, hata Mzee angekugombeza." Hakunywa. Basi Aws akachoka. Jioni hiyo alipopewa kanzu aliinusa, akafumba macho, akasema ndiyo, Mama, huyu ni Baba.

Mama aliichukua kanzu mkononi mwake.

"Usinidanganye, mtoto wa Muhanna," akasema. "Baba yako alikataa hata kifungo cha uwongo. Mimi nitakubali mume wa uwongo?"

Aws alitoka akenda kulia nyuma ya tangi, pale penye msumari wako. Sisi tulidhani ndiyo basi, na Mama naye anatuponyoka, na hatuna la kumshikia.

Aliyemshika ni Shangazi. Aliacha sufuria mlangoni kama kawaida yake, kisha badala ya kurudi akaingia. Akapita uani moja kwa moja, akakaa chini mbele ya moto, ng'ambo ya Mama, na moshi baina yao. Alikuwa hajaitwa na hakuomba radhi.

"Wifi yangu," akasema, "moshi hauna jasho. Alikuwa akiivaa. Nguo usiyoivaa utaifukiza mpaka Kiyama, na itanuka jiko."

Mama akaendelea kupuliza moto.

"Mimi ndiye niliyemtoa humo. Nisaidie nimrudishe. Ivae, Khole."

Basi Mama akaivaa. Alivaa kanzu yako chini ya baibui lake, Baba, yeye aliyekuwa hataki hata ipite kizingitini. Kapika nayo, kasali nayo, kalala nayo, kenda nayo kwa wagonjwa. Akaanza na kula, kwa kuwa Shangazi alimwambia mtu asiyekula hana la kutoa jasho. Baridi ilipoingia, wenzio walipoanza kukunja majamvi kwa ajili ya kambi, akawaambia anakwenda. Miaka yote ulimwomba akakataa. Alifika bondeni, na hakuna aliyethubutu kumkagua, lakini alivua saa mwenyewe, akavua miwani mwenyewe, akajigonga na nguzo ya hema la kwanza. Akasaga unga kwa jiwe. Akateka maji. Akakaa motoni mahali pako. Alipoulizwa na Nasr kama hatamani kikombe cha chai, alisema chai bado haijazaliwa, na watu wakacheka, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja, kwa sababu maneno hayo yalikuwa yako.

Wiki hii tumekusanyika kukusomea hitima. Baada ya kula, Mama aliingia ndani akatoka na kanzu mkononi. Imerudi rangi ya vumbi. Ina moshi, ina samli, ina papa, kiwiko kimechanika na kashona kwa sindano yako ya mfupa. Tulijipanga kama zamani, tayari kuulizwa. Safari hii hakutuuliza. Aliiweka usoni mwake yeye mwenyewe, akavuta pumzi moja ndefu, akaishusha.

"Hii ni mimi," akasema.

Tukapokezana. Ni kweli. Ukiizika pua humo, nyuma ya moshi wote, yuko Mama, Mama mtupu, yule yule tuliyelala mapajani mwake. Wewe humo hata kidogo.

"Basi kenda kweli," Mama akasema.

Akakaa chini pale pale akalia kilio ambacho hakukilia siku uliyotoka, wala paani, wala siku ya sabuni. Shangazi Mahfoudha akamkumbatia, nao wote wawili wameishika kanzu baina yao, na hakuna aliyewaambia wanyamaze. Alipomaliza aliomba sahani. Akala.

Ulisema nguo ya kweli ina harufu ya mtu. Ni ya kweli, Baba, ungeipitisha mlangoni bila ya neno. Mtu tu ndiye siye. Aws kaung'oa ule msumari wa tangini kaupigilia chumbani, upande wako wa kitanda, na kanzu ipo hapo mpaka baridi ijayo. Mama kasema atakwenda tena.

Wanaokukumbuka ni mkeo Khole. Wanao, Aws na Rawya. Dada yako Mahfoudha, ambaye ameomba iandikwe kwamba sabuni kwake sasa ni ya vyombo tu. Rafiki yako Cornelius na mkewe Peninah. Jirani yako Nasr na mkanda wake. Na watu wote wa bondeni wasiovaa saa.

Mwenyezi Mungu akurehemu na alipanue kaburi lako. Tutakukumbuka daima, Baba, hata pale pua zetu zinapokukosa.