Kwa Colombe, Aliyemngoja Fanny Aseme

Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, saa tisa na robo mchana, mvua nyembamba ikinyesha juu ya mtaa wetu wa Muhumba na ziwa likiwa limefichwa na ukungu, ulituaga, Colombe. Leo mwaka mmoja umetimia.

Kwa miaka kumi na minane uliwasaidia watoto waliochelewa kusema. Walikuja kwenye kituo chako kutoka Kalehe na Kamanyola, wengine wakiwa mgongoni mwa mama zao, na wote uliwapokea ukiwa umeketi mkekani, uso wako ukilingana na wao. Ulipenda chai kali isiyo na sukari. Misa ya Dominika ulichelewa karibu kila mara.

Sisi wa nyumba ya kaka yako Bisimwa tuna sababu yetu ya kukushukuru. Binti yake, Fanny, alitimiza miaka mitatu na nusu bila kutamka neno. Bisimwa alilelewa katika shule ya bweni ambako mwanafunzi aliyesikika akisema Kimashi, lugha ya kwao, alivishwa kibao cha adhabu shingoni mpaka jioni, naye alijivunia kwamba hakuwahi kukivaa. Nyumbani kwake akaamuru Kifaransa pekee. Mezani Fanny hakupewa mkate mpaka autaje kwa Kifaransa, tena sawasawa. Mtoto aliutazama mkate, akashuka kitini, akaenda zake.

Ulipopata habari, ulikuja. Kwanza ulimpeleka akapimwe masikio, yalikuwa mazima. Kisha ukamwambia kaka yako: "Kaka, uko namufanyisha mutoto examen kila siku. Umupe mukate. Sema weye, halafu unyamaze, ungoje."

"Ningoje mupaka wakati gani?"

"Hesabu kumi mu roho. Na useme ile luga yenye inakutoka bila kravati mu shingo."

Hakufurahi. Siku ya Noeli, mbele ya ukoo wote, alisema kwamba wewe, usiye na mtoto, ulikuwa unajifunzia kazi kwa mtoto wake. Watu waliacha kula. Ukajibu bila kuinua sauti: "Basi, kaka, uniazime huyu mupaka Jumamosi. Nitamurudisha muzima." Wote walicheka isipokuwa yeye. Baadaye Gisèle, mkewe, alikuona jikoni ukifuta macho.

Hukuacha kuja. Ulichambua sambaza, visamaki vya ziwani, pamoja na Fanny, ukitaja kila ulichokifanya, kisha ukingoja. Siku moja alikiinua kisamaki kimoja akasema, "Baza." Hukumsahihisha. Ulijibu tu: "Ee, sambaza. Sambaza mingi." Bisimwa alikuwa nje ya mlango. Alikuwa amesikia sauti ya binti yake, na neno lile hakuambiwa yeye. Hakuingia.

Jumamosi iliyofuata, alipokuwa akipaka viatu vyake rangi, alimketisha Fanny karibu naye. Akasema, kwa Kiswahili cha nyumbani, "Napakaa kiatu." Akanyamaza, akahesabu moyoni. Alikuwa amefika saba Fanny aliposukuma kiatu cha pili mbele yake na kusema, "Ingine."

"Ee," akajibu baba yake. "Kiatu ingine."

Siku hiyo alipaka rangi viatu vya nyumba nzima, hata kambambili za plastiki.

Leo Fanny yuko mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Maneno marefu bado yanamchelewesha, nasi mezani tunamngoja. Kifaransa anajifunza shuleni, nacho kinakuja.

Wanaokukumbuka kwa shukrani ni mama yako Clémence, kaka yako Bisimwa na mkewe Gisèle, mdogo wako Josué, Fanny, pamoja na wazazi wote waliokaa nawe kwenye mkeka ule. Jina lako litatajwa katika nyumba hii siku zote za maisha yetu.

Limebaki jambo moja. Maneno ya Noeli ile Bisimwa aliyasema mbele ya watu, ukaondoka duniani bila kumsikia akiyafuta. Anayafuta hapa, mbele ya watu. Hayakuwa kweli, na yalikuwa ya ukatili. Fanny ni mtoto wako pia. Dada, kaka yako anakuomba msamaha.