Boljointi ya Upande wa Kulia

Alhamisi, 9 Novemba

Anestis, kumbaro wangu, yaani msimamizi wa ndoa yetu, ameniletea gari lake asubuhi. Mbele kumechoka kabisa — nililisikia tangu likiwa kwenye kona ya kanisa. Gari ni la zamani kuliko binti yangu, lakini mwenyewe hataki kusikia habari ya kununua jingine. Boljointi zote mbili, viungo vinavyoshika magurudumu ya mbele, zimelegea, ile ya kushoto na ile ya kulia. Ukishika gurudumu juu na chini ukalitikisa, linacheza kama jino bovu. Bushi za mpira nazo zimekauka na kupasuka. Vipuri vipya amevinunua mwenyewe mjini Kalamata, vya pande zote mbili, akavipanga mezani kwangu kama mtu aliyeleta keki.

"Fanya taratibu tu, kumbaro," ameniambia. "Ila Jumatatu naanza kuvuna zeituni. Nitalihitaji."

Taratibu! Jumamosi ni sikukuu ya mtakatifu wa jina langu, nyumba itajaa watu. Nami nimemjibu kwamba kesho jioni litakuwa tayari. Nani alinituma?

Ijumaa, 10 Novemba

Kushoto kumekwenda vizuri. Boljointi ya zamani imetoka kwa nyundo, mpya imeingia, nati, pini, grisi. Bushi mpya. Safi.

Kulia — kutu. Bolti moja imegoma. Nimeimwagia mafuta, nimeipasha moto, nimechomeka bomba kwenye spana nikavuta mpaka mkono ukafa ganzi. Kichwa cha bolti kimelika, sasa ni duara, spana inateleza. Hapo dawa ni kukata na kutoboa tu, kazi ya nusu siku. Sikuwa na nusu siku. Mke wangu Chrysoula alikuwa amesimama mlangoni: viti vya kuazima kanisani havijaja, mvinyo haujapandishwa kutoka chini, na mume wake amejaa grisi hadi masikioni.

Basi ile boljointi ya kulia, ile ile mbovu, nimeishindilia grisi na kuiacha mahali pake. Nimerudisha tairi. Nimejiambia wiki ijayo nitamwita Anestis nimalizie. Ile mpya nimeiweka rafuni, nyuma ya makopo ya rangi. Kwa nini nyuma ya makopo? Meza ilikuwa tupu.

Anestis amekuja kulichukua nikiwa naoga. Chrysoula ndiye aliyempa ufunguo.

Jumamosi, 11 Novemba

Mtakatifu Minas. Jina langu. Siku hii haalikwi mtu, mlango unaachwa wazi na anayetaka anaingia — na wote walitaka. Padri, majirani, wazee wote wa mgahawani. Nyama ya nguruwe ilikwisha kabla sijaionja.

Nilikuwa nimepanga kumvuta Anestis pembeni nimwambie. Kabla sijamfikia, amesimama na gilasi yake. Hotuba! Kwamba yeye ndiye aliyetuvika mataji ya ndoa mimi na Chrysoula. Kwamba ndiye aliyempaka binti yetu mafuta ya ubatizo. Kwamba tangu nikiwa fundi kwenye karakana ya mabasi hadi leo nimestaafu, gari lake halijaguswa na mkono mwingine, kwa sababu kumbaro wake akisema kazi imefanyika, imefanyika.

"Jana tu amenitengenezea mbele yote. Sivyo, kumbaro? Kushoto na kulia?"

Gilasi zote juu. Macho yote kwangu. Padri anatabasamu. Mtu akiombea mikono yako heri mbele ya meza yako, siku ya jina lako, utamwambia nini? Kwamba mkono mmoja ulichoka?

Nikasema, "Kushoto na kulia."

"Mikono yako iwe na afya," wakaitikia wote, wakanywa. Nami nikanywa. Pombe ilishuka kama mafuta ya taa.

Jumapili, 12 Novemba

Baada ya ibada nimemwomba Anestis aniletee gari. Kukaza bolti moja mbili tu, nikasema. Amenicheka.

"Linakwenda kama bibi harusi, bwana. Kapumzike, jana ulikuwa umeiva kwa mvinyo."

Mkewe Evanthia naye: hata ule mlio haupo tena, ameweza kusinzia njiani. Bila shaka haupo! Ni grisi. Ule mlio ndio ulikuwa unawaonya, na mimi nimeuziba mdomo.

Jumanne, 14 Novemba

Nimemwona akishuka kwenda kukamua zeituni, magunia yamejaa hadi kwenye viti. Gurudumu la kulia limelala kwa ndani. Kidogo tu. Mtu mwingine asingeona. Amenipigia honi, nami nikampungia mkono — mkono huo huo wenye afya.

Naogopa. Boljointi ni kirungu cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe chake. Kikombe kikilika, siku moja kirungu kinachomoka na gurudumu linakunjika chini ya gari. Kwenye tambarare unaburuzika na kutukana. Kwenye kona zetu za mlimani, zisizo na ukingo, hupati hata muda wa kutukana.

Alhamisi, 16 Novemba

Imezidi kuwa mbaya. Evanthia amekuja jioni. Shangazi yake wa Sparta anatimiza siku arobaini tangu afariki, misa ni Jumamosi, wanakwenda kwa gari. Na Chrysoula anakwenda nao! Wamepanga kila kitu wakiwa wamekaa jikoni kwangu, mimi nimesimama hapo hapo na sahani mkononi.

Nikasema waende kwa basi. "Basi la nini," Chrysoula amesema, "na gari umelitengeneza wewe?"

Jumamosi, 18 Novemba

Niliamka nikiwa nimeamua. Nilivaa, nikateremka kabla yao, nikasimama kando ya gari. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni: Anestis, upande wa kulia sikuufanya. Maneno machache tu. Wakatoka. Evanthia amevaa nyeusi, amepakata sinia ya ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu, iliyopambwa kwa sukari, akaketi mbele upande wa kulia, kiti cha abiria, juu kabisa ya lile gurudumu. Chrysoula nyuma. Anestis akashusha kioo.

"Vipi, kumbaro? Umekuja kutuaga au unakuja nasi?"

Nikasema, "Nenda polepole, barabara ina maji."

Hayo tu! Mtu mzima, nywele nyeupe, nimemwacha mke wangu apande mlima ndani ya gari lile kwa sababu niliona haya. Sikula. Simu ilipolia mchana nilidhani ni polisi — alikuwa binti yangu, akiuliza mapishi ya mama yake. Wamerudi jioni salama, wanacheka habari za padri wa kule aliyelala kwenye kiti. Chrysoula amesema kwenye kona kulikuwa na kitu kinagonga chini ya miguu ya Evanthia. Tak, tak. Amenigongea kwa kidole mezani kunionyesha.

Jumapili, 19 Novemba

Nimemwambia Chrysoula. Nilidhani atapiga kelele. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. Mwisho akauliza kama jana, nilipokuwa nimesimama kando ya gari, nilikuwa najua. Nikasema ndiyo.

"Ukaniangalia nikipanda."

"Ndiyo."

Amesema nimwambie Anestis mwenyewe, na nimwambie kesho. Nisipomwambia, atamwambia yeye. Kisha amehamia chumba cha binti yetu na mto wake.

Jumatatu, 20 Novemba

Nimekwenda mgahawani. Anestis alikuwa anacheza karata, anashinda, amefurahi. Nimeketi. Nimeagiza kahawa. Na nimemwambia nini? Kwamba nilizikaza bushi gari likiwa limening'inia kwenye jeki, ilhali bushi hukazwa gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake, la sivyo mpira unachanika. Ni kweli kabisa, fundi yeyote anajua. Ila si kweli kwamba nilikosea hapo. Nimemdanganya kwa jambo la kweli.

Amenirushia ufunguo bila hata kuinua macho kwenye karata. "Wewe nawe, hulali mpaka kila kitu kinyooke." Watu wakacheka kwa mapenzi. Natamani wangenizomea.

Kesho anakwenda kukamua kwa gari la shemeji yake. Nitakuwa na siku nzima. Nitabadilisha, nitanyamaza, kwisha. Chrysoula nimemwambia tumeyamaliza. Hakuniuliza tumeyamaliza vipi.

Jumanne, 21 Novemba

Nimekata bolti, nimetoboa. Nilipoigusa tu boljointi ya kulia, ikaachana. Sikupiga nyundo. Niliivuta kwa vidole, kirungu kikatoka ndani ya kikombe kama kokwa ndani ya tunda lililoiva. Nikaketi sakafuni. Nilikuwa bado nimeketi hapo mlango uliposukumwa.

Anestis. Na debe la mafuta mapya ya zeituni, ya kwanza ya mwaka. Ameyaleta kwangu kabla ya kuyapeleka kwake.

Aliliangalia gari. Akaiona boljointi mpya juu ya meza, bado ina karatasi yake. Akainama, akaokota vile vipande viwili vya zamani, akavifuta kwa kitambaa chake cha mfukoni.

"Hii ni ya upande gani?"

Nikasema kulia.

Akavigeuza vile vipande mkononi. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Evanthia hukaa upande huo."

Nikaanza kueleza. Bolti, kutu, viti vya kanisani, ile gilasi, macho ya watu. Nikasema nisamehe, nikasema hata Chrysoula alikuwemo — na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kusikika mbaya. Hakunikatiza. Nilipoishiwa maneno akavuta kreti akaketi.

"Breki ulinibadilishia mwaka jana."

"Nilizibadilisha."

"Zote?"

"Zote, Anestis. Naapa kwa mtoto uliyembatiza."

"Mbele ya padri pia ulisema zote."

Nilizibadilisha! Breki nilizibadilisha, za mbele na za nyuma, kazi safi, ningeweza kuiapia. Lakini niliisikia sauti yangu ikisema hivyo, na ilikuwa sauti ile ile ya mezani.

"Fungua," akasema. "Magurudumu yote manne. Halafu kila kitu ulichowahi kunifanyia kwenye gari hili, utanionyesha kimoja kimoja."

Nimeyafungua. Yamelala ukutani. Gari limekaa juu ya stendi za chuma bila mguu hata mmoja. Debe la mafuta bado lipo mlangoni, hajanikabidhi wala hajaliondoa. Chrysoula ameleta kahawa mbili, ametutazama, ameziacha juu ya meza na kurudi ndani. Yake Anestis hakuigusa. Na tangu alipouliza ni ya upande gani, hajaniita kumbaro hata mara moja.

Sasa naandika nimesimama, mikono michafu, kwa sababu ametoka kidogo. Amekwenda nyumbani kwake kuchukua miwani. Miaka yote hii hajawahi kuja na miwani gerejini kwangu.